Walipiga vigelegele katikati ya Swan Lake: niandike nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uandishi wa habari hapa Mwanza, naishi Nyakato. Hivi karibuni kikundi chetu cha vijana kiliandaa jioni ya dansi za dunia. Tulikodi ukumbi, tukaonyesha kwa projekta video ya Swan Lake nzima, ile baleti ya mabinti waliogeuzwa kuwa mabata-maji, na tukaalika kina mama wa kikundi cha ngoma kutoka Kisesa. Sehemu ya kwanza, ile ya sherehe ya ikulu, nusu ya watu walitoka kununua mahindi ya kuchoma. Mwanamfalme alipotokea na ile suruali ya kubana, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yule dada wa nguo nyeusi alipoanza kuzunguka kwa mguu mmoja bila kukoma, kina mama wakasimama na kupiga vigelegele, na mmoja akaenda kumtunza: akabandika noti ya elfu mbili ukutani, palepale kwenye picha. Mgeni wetu mmoja, mtu aliyesoma nje, akasema tumejidhalilisha, baleti hutazamwa kwa utulivu. Mhariri wa jarida la chuo anataka niandike uhakiki na nitoe nyota kati ya tano. Rafiki yangu anasema sina haki ya kuhakiki kitu nisichowahi kukicheza, mimi ninayejua bugobogobo tu, ngoma yetu ya Wasukuma. Rasimu yangu ina sentensi hizi: "Wachezaji wamekonda mno" na "Watazamaji wetu bado hawajui sanaa." Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Anza kwa kufuta hizo sentensi mbili. Ya pili ifute leo, ya kwanza nitaieleza mbele kidogo kwa nini haifai. Ile noti ya elfu mbili usiifute hata kama mhariri ataona ni utani, maana ndiyo habari kubwa kuliko zote ulizonitumia.

Huyo mgeni wenu ana haki ya kupenda ukimya. Ila akisema baleti ndivyo ilivyotazamwa siku zote, hapo anakosea. Katika miaka ya 1830, kwenye Opera ya Paris, kulikuwa na watu kazi yao ni kupiga makofi kwa malipo. Kiongozi wao aliitwa Auguste Levasseur. Alihudhuria mazoezi, akakaa na mkurugenzi kupanga wapi pashangiliwe na kwa nguvu kiasi gani, akapewa tiketi za bure za kugawa na kuuza, na wachezaji nao wakampelekea bahasha. Miaka hiyohiyo mashabiki wa mchezaji Marie Taglioni na wale wa mwenzake Fanny Elssler walizozana kama ambavyo Simba na Yanga wanazozana kijiweni. Na Oktoba 1964 huko Vienna, Rudolf Nureyev na Margot Fonteyn walipomaliza hii hii Swan Lake, pazia lilifunguliwa mara 89 kwa sababu watu walikataa kwenda nyumbani. Ukienda Havana, ambako Wacuba wameifanya baleti kuwa yao kabisa, watazamaji hupaza sauti na kupiga makofi mchezaji akiwa bado hewani.

Sasa angalia kina mama wa Kisesa walisimama wapi. Hawakusimama kwenye sherehe ya ikulu wala kwenye maua ya jukwaa. Walisimama kwenye mizunguko 32 ya sehemu ya tatu, mahali palepale ambapo kumbi za Moscow, New York na Havana hulipuka. Hawakuambiwa na mtu. Hakuna kijitabu kilichowaelekeza kwamba hapa pana jambo. Miguu yao imezoea kazi, ikatambua kazi ya mguu mwingine.

Kwenye uhakiki wako mahali hapa ndipo utumie maneno mengi. Irudie hiyo video na utazame dakika hiyo moja mara kadhaa, kila mara ukitazama kiungo kimoja. Tazama mguu aliosimamia: kila mzunguko anapanda juu ya ncha ya vidole, halafu kisigino kinashuka na goti linakunjika kidogo, ndipo anapanda tena. Hakai juu muda wote kama inavyodhaniwa, na nguvu ya kuzunguka inatoka kwenye huko kushuka. Tazama mguu wa pili unavyotupwa mbele, ukapelekwa pembeni, ukakunjwa hadi kwenye goti. Tazama mikono ikifunguka na kufungwa kwa wakati mmoja na mguu huo. Halafu tazama shingo: kichwa kinabaki kikitazama mbele mpaka mwili umekizidi, kisha kinageuka haraka na kuwahi kufika kabla ya mabega. Asipofanya hivyo atapata kizunguzungu. Mwisho tazama sakafu. Alipoanza alikuwa wapi, na alipomaliza yuko wapi? Mchezaji hodari humaliza karibu na pale alipoanzia. Anayechoka husogea polepole kuelekea mbele ya jukwaa, mwenyewe asijue.

Ukishaona hayo utaweza kuandika kwa nini mama yule alitoa noti. Mizunguko hiyo ililetwa St. Petersburg na Mwitaliano, Pierina Legnani. Huko aliionyesha kwanza mwaka 1893 katika baleti nyingine, kisha ikawekwa katika Swan Lake ya mwaka 1895, ambayo ndiyo mama wa karibu kila Swan Lake unayoiona leo. Wapo Warusi waliolalamika wakati ule kwamba Waitaliano wanageuza sanaa kuwa sarakasi. Wapo waliojifungia kuifanyia mazoezi mpaka nao wakaiweza. Malalamiko na mazoezi vilikwenda pamoja, na mhakiki mzuri huandika vyote viwili.

Kuhusu suruali sina mengi. Baleti ilikulia katika ikulu za Italia na Ufaransa, wanaume wa ikulu wakivaa soksi ndefu za kubana. Mfalme Louis wa 14 mwenyewe alicheza jukwaani mwaka 1653, akiwa kijana wa miaka 14, amevaa kama jua. Vazi limebaki kwa sababu linaonyesha mstari wa mguu kutoka nyonga hadi kidole. Lakini usidhani kicheko cha Nyakato ni ugeni wa Kiafrika. Januari 1911 Vaslav Nijinsky, mchezaji aliyesifiwa kuliko wanaume wote wa wakati wake, alifukuzwa kazi katika jumba la michezo la kifalme la St. Petersburg kwa sababu alicheza baleti ya Giselle akiwa na suruali ya kubana bila ile kaptura fupi iliyozoeleka juu yake, mbele ya mama yake mfalme. Kama ikulu ya kifalme ya Urusi ilishindwa kuvumilia, vijana wa Nyakato wasamehe.

Na wale waliokwenda kununua mahindi? Hao nao wameandika uhakiki, wameuandika kwa miguu. Jiulize walirudi lini. Kama walirudi mara tu ziwa lilipoonekana na wale mabinti wenye manyoya meupe wakaingia mmoja mmoja, kuna jambo la kusema, maana katika toleo la 1895 sehemu za ikulu zilitungwa na Marius Petipa na sehemu za ziwani na msaidizi wake, Lev Ivanov. Ni akili mbili tofauti ndani ya kazi moja. Petipa anapanga watu kama gwaride la sikukuu, na ukiwa hujui nani ni nani, gwaride linachosha. Ivanov analifanya kundi zima liwe mwili mmoja. Ile dansi fupi ya mabata-maji wanne wadogo, walioshikana mikono kwa kupishana na kugeuza vichwa kwa pamoja, sidhani kama kuna mtu alitoka kwenda kununua chochote wakati huo. Chunguza, uliza majirani zako. Hata mwaka 1877, Swan Lake ya kwanza kabisa ilipoonyeshwa Moscow, haikupokewa vizuri, na Tchaikovsky aliyetunga muziki alifariki mwaka 1893 bila kuona inashangiliwa kama leo.

Umeona ninakoelekea. Kelele za ukumbi ni ushahidi. Mhakiki anaukusanya, anaupima, halafu anatoa hukumu yake mwenyewe, wala si lazima ifanane na ya ukumbi.

Kisa kinacholionyesha hili kuliko vyote ni cha Paris, tarehe 29 Mei 1913, katika ukumbi wa michezo wa Champs-Élysées. Kundi la Sergei Diaghilev lilionyesha The Rite of Spring, muziki wa Igor Stravinsky, miondoko ya huyohuyo Nijinsky aliyefukuzwa kwa suruali. Badala ya miguu iliyofunguka kwenda nje, wachezaji waliingiza vidole ndani. Badala ya kuelea, walikanyaga chini kwa vishindo. Migongo imepinda, vichwa vimeinama upande. Watu wakaanza kucheka, wengine wakapiga miluzi, wengine wakawatukana wanaocheka, ikawa vurugu hadi wachezaji hawausikii muziki. Nijinsky alisimama juu ya kiti pembeni ya jukwaa akiwapigia kelele za kuhesabu hatua. Pierre Monteux, kiongozi wa okestra, hakuinua kichwa. Aliendelea hadi mwisho.

Inasimuliwa kwamba wasichana walipoweka shavu juu ya mkono, mtu mmoja wa viti vya juu alipaza sauti aitwe daktari, mwingine akasema aitwe daktari wa meno. Naipenda sana kejeli hiyo. Huyo mzomeaji aliona kitu halisi: ameona kichwa kilicholala upande, kimeegemea mkono, shingo imekufa. Alikosea tu alipodhani kwamba akishacheka kazi yake imekwisha. Mhakiki angeanzia pale alipoishia: kwa nini mtunzi anawapa wasichana shingo ya mgonjwa? Baleti yenyewe inahusu binti anayechaguliwa kucheza mpaka afe ili ardhi izae. Shingo ile haikuwekwa kwa bahati mbaya.

Mwezi Julai mwaka huohuo kazi hiyohiyo ilikwenda London, wachezaji walewale, na fujo haikuwa kama ya Paris. Baada ya maonyesho machache ikaachwa, Nijinsky akagombana na Diaghilev, na miondoko ikapotea kabisa. Muziki ulikuwa umeandikwa, ukabaki. Dansi haikuwa imeandikwa popote kwa ukamilifu. Ilipofika mwaka 1987 ndipo kundi la Joffrey la Marekani likaionyesha tena, baada ya mtafiti Millicent Hodson kukusanya vipande kwa miaka mingi: maelezo yaliyoandikwa na Marie Rambert aliyekuwa msaidizi wa Nijinsky, michoro ya Valentine Gross aliyekaa ukumbini na penseli yake, kumbukumbu za wazee, na makala za magazeti. Tafakari ni makala zipi zilimsaidia. Yule aliyeandika kwamba ni uchafu, au yule aliyeandika kwamba ni kazi ya kipaji kikubwa, hakumpa chochote cha kurudisha jukwaani. Aliyemfaa ni aliyeandika kwamba wamekaa duara, magoti yamegusana, mkono wa kulia umefanya hivi.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu wewe una bahati ambayo wahakiki wengi wa baleti hawana. Umekulia mahali ambapo watazamaji ndio waamuzi rasmi. Nenda Bujora, pale Kisesa, kwenye sikukuu ya Bulabo mwezi wa sita. Makundi mawili, Bagika na Bagalu, yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watu wanahama. Lenye umati mkubwa mwisho wa mchezo ndilo mshindi. Huo ni uhakiki wa hadharani wenye matokeo, na ushindani wa makundi hayo ni wa tangu enzi za waganga wawili mashuhuri, Ngika na Gumha, wa karne ya 19. Ndiyo maana dawa za kuvuta watu zilihesabiwa kuwa sehemu ya ufundi wa manju, kiongozi wa ngoma, sawa na nyimbo zake.

Lakini aliyewahi kusimama katikati ya uwanja ule anajua udhaifu wa mizani hiyo. Akitolewa chatu upande wa pili, watu wote wanakwenda kwa chatu. Umati umehesabika, mshindi amepatikana, na huku nyuma kuna kundi limebaki na watu wachache likirusha majembe ya bugobogobo kwa usawa ambao hutauona tena mwaka huo. Umati unakuambia nani amevuta. Nani amecheza vizuri ni swali jingine, na mara nyingine majibu hukutana. Ile mizunguko 32 ndiyo chatu wa Swan Lake. Mtunze aliyeizunguka, anastahili, halafu uandike pia kuhusu lile kundi la mabata-maji 20 na kitu waliosimama pembeni bila kutikisika wakati mkubwa wao anacheza. Jaribu kusimama mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine, mikono imekunjwa, kwa dakika kadhaa, misuli imepoa, halafu uondoke kwa mlio mmoja na wenzako wote. Hawakupigiwa kigelegele hata kimoja. Hapo ndipo mhakiki anapopata mshahara wake.

Rafiki yako anayesema huna haki, mwambie hivi. Théophile Gautier, mhakiki wa dansi aliyesomwa sana Paris ya miaka ya 1840, alikuwa mshairi. (Na alishiriki kutunga hadithi ya Giselle ya mwaka 1841, huku akiwa mhakiki wa gazeti na akimpenda sana mchezaji mkuu wake. Maadili ya kazi yalikuwa bado yanatafutwa.) Mwaka 1970 mwanaanthropolojia Mmarekani, Joann Kealiinohomoku, aliandika makala iliyowaudhi wengi. Alisema baleti nayo ni ngoma ya kabila: ina desturi zake, mavazi yake, wanyama wake, mambo yake ya ndoa na mazishi, na inabeba mawazo ya watu wake kuhusu mwanamke na mwanamume kama ngoma yoyote ile. Wazungu walikuwa wamezoea kutazama ngoma za wengine kama mila na ya kwao kama sanaa ya dunia nzima. Akaigeuza darubini. Kama mtafiti kutoka Ulaya anaweza kukaa Bujora na daftari akaandika kuhusu bugobogobo, wewe unaweza kukaa Nyakato na daftari ukaandika kuhusu baleti. Masharti ni yaleyale kwa wote wawili: uwe umetazama kweli, na usijifanye unajua usichokijua.

Bugobogobo itakusaidia zaidi ya unavyofikiri. Umezoea mwili unaokwenda chini: magoti yamekunjika, kiuno kimeshuka, njuga zinadai kisigino kipige ardhi, jembe linarushwa juu lakini mchezaji anabaki kwenye udongo, kwa kuwa ngoma yenyewe imetoka kwenye kulima kwa pamoja. Baleti inakwenda kinyume. Nguvu yote ni ya kuficha uzito, na hata mruko ukitua, mguu unatua kwa kuanzia vidole ili sauti isisikike. Mtu aliyezaliwa ndani ya baleti haoni tena ajabu ya jambo hilo. Wewe utaliona dakika ya kwanza. Liandike. Ila usitumie sheria ya ngoma moja kuihukumu nyingine: ukisema yule dada hana mguu wa kukanyaga, umemhukumu kwa kosa ambalo kwao ndilo sifa, kama vile Mfaransa atakayekuja Bulabo akaandika kwamba wachezaji hawakunyoosha magoti.

Sasa ile sentensi ya kukonda. Mwishoni mwa mwaka 2010 mhakiki mkuu wa dansi wa New York Times, Alastair Macaulay, aliandika kuhusu Jenifer Ringer, mchezaji wa New York City Ballet, kwamba alionekana kama amekula peremende moja zaidi ya inavyotakiwa. Ringer alikuwa ameshasema hadharani kwamba aliwahi kuugua ugonjwa wa ulaji usio wa kawaida. Wasomaji walimjia juu mwandishi, naye akajitetea kwamba anayechagua baleti amekubali mwili wake utazamwe. Mimi siko upande wake. Kule kosa lilikuwa unene, kwako ni wembamba, lakini sentensi zote mbili zina upungufu uleule: zinasema mwili ukoje na hazisemi mwili umefanya nini. Kama wembamba umeathiri uchezaji, sema ulipoonekana. Je, mruko haukuwa na nguvu? Je, alishindwa kubeba mkono hadi mwisho wa muziki? Kama hukuona lolote la namna hiyo, basi huna la kuandika hapo. Na kama kina mama walisema "masikini, huyu hali kwao?" waache waseme. Wanaongea kwa huruma, wala hawajachapisha.

Jambo ambalo hukuniuliza lakini nitakuambia: wewe hukuona onyesho, umeona video. Liseme hilo katika aya ya kwanza, utaje kundi gani limecheza na mwaka gani limerekodiwa, maana Swan Lake ziko nyingi na hata mwisho wake hutofautiana. Kwingine wapenzi wanakufa, kwingine wanaishi. Mpiga picha amekuchagulia. Mara nyingi anasogeza kamera kwenye uso wakati kazi iko miguuni, na anapomfuata mmoja anakunyima kundi zima. Usimlaumu mchezaji kwa kosa la kamera. Mwaka 1994 mhakiki Arlene Croce aliandika katika New Yorker makala ndefu ya kuikosoa kazi ya mtunzi wa dansi Bill T. Jones ambayo alikataa kwenda kuiona, iliyohusu watu wenye magonjwa yanayotishia maisha. Hoja zake zingine zilikuwa na uzito, lakini mpaka leo watu wakiikumbuka makala ile wanakumbuka kwanza kwamba hakwenda.

Watu watakasirika, hilo halikwepeki. Februari 2023, mapumziko yakiendelea katika jumba la opera la Hannover, mkurugenzi wa baleti Marco Goecke alimfuata mhakiki Wiebke Hüster na kumpaka kinyesi cha mbwa usoni kwa sababu ya makala yake. Mkataba wake wa ukurugenzi ukavunjwa. Sidhani kama kuna mtu wa Nyakato atafika huko, lakini jiandae kuulizwa sokoni. Utakuwa salama ukiwa na maelezo ya kilichotokea mkononi, kuliko ukiwa na sifa na laana tupu. Yupo mwingine, Louis Horst, mwaka 1957, aliyemhakiki mcheza dansi Paul Taylor kwa kuacha nafasi nyeupe kwenye ukurasa, chini ya mahali na tarehe ya onyesho, akaweka herufi za jina lake basi. Katika dansi mojawapo Taylor alikuwa amesimama tu jukwaani bila kusogea, kwa hiyo jibu lilimfaa. Ni mzaha unaofanya kazi mara moja katika historia, usiurudie.

Nyota kati ya tano uzikatae kwa upole. Ukiipa baleti nyota nne, umempa nani? Petipa, Ivanov, mchezaji, kamera, au projekta ya kukodi? Mhariri akishikilia, mwombe akuachie maneno 600 badala ya 300, na katika hayo aya moja iwe ya watazamaji: nani alikuwepo, alicheka wapi, alitoka lini akarudi lini, kigelegele kilianza kwenye mzunguko wa ngapi. Hilo la mwisho unaweza kulipata. Mtafute mama aliyebandika noti, umwonyeshe kipande kile tena kwenye simu, umwambie akuonyeshe kwa kidole ni lini hasa alinyanyuka, kisha umuulize alikuwa anatazama kiungo gani. Andika jibu lake kama atakavyolisema, kwa Kisukuma kama ni Kisukuma, na tafsiri chini yake. Rasimu ikiwa tayari nitumie aya hiyo pamoja na ile ya mizunguko 32. Nyingine zote mhariri wako anaweza kuzirekebisha mwenyewe.